Uchovu wa chuma: kilichojificha chini ya zege la daraja

Ukipita chini ya daraja lenye boriti za chuma na sakafu ya zege, utadhani zege limelala tu juu ya chuma kwa uzito wake. Sivyo. Baina yao mna vigingi vya chuma vyenye vichwa, mfano wa misumari minene, aghalabu milimita 19 au 22, vilivyochomelewa juu ya boriti na kuzama ndani ya zege. Kazi yao ni kulizuia zege lisiteleze. Vikishika, zege hubeba mgandamizo juu, chuma hubeba mvuto chini, na vitu viwili huwa boriti moja.

Ugonjwa wa vigingi hivi ni uchovu. Kila fundi wa ujenzi anaujua: waya wa kufungia nondo huukati kwa kuuvuta, lakini uukunje na kuukunjua mara kadhaa, utakatika. Kila lori likipita, kigingi husukumwa kisha huachiwa. Ufa mdogo huanzia shinani, palipochomelewa, na hukua ingawa hakuna mzigo hata mmoja uliozidi nguvu ya chuma.

Mwaka 1966 Roger Slutter na John Fisher wa Chuo Kikuu cha Lehigh, Marekani, walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba kinachoamua umri wa kigingi hasa ni tofauti baina ya msukumo wa juu na wa chini, si ule mkubwa peke yake. Hapa wengi hupotea. Katikati ya daraja msukumo ni mdogo kuliko kwenye nguzo, lakini lori likivuka hugeuka: kwanza huku, kisha kule. Tofauti hubaki kubwa, kwa hivyo vigingi vya katikati visipunguzwe ovyo.

Kwa hesabu ya kanuni za Ulaya, Eurocode 4, tofauti hiyo ikiongezeka asilimia 10 tu, umri wa kigingi hupungua kwa zaidi ya nusu. Ikiwa maradufu, husalia sehemu 1 kati ya 256. Ndiyo maana simwonei huruma mwenye trela anayelalamikia mzani wa Mariakani. (Daraja letu la Nyali, la 1980, si la aina hii, ni zege lililokazwa kwa nyaya za chuma.)

Kigingi kikikatika, daraja halianguki siku hiyo. Mzigo wake huhamia kwa jirani, naye huchoka upesi zaidi. Zege huanza kuteleza, boriti hupinda zaidi, na macho hayaoni kitu.

Basi ukaguzi wenye maana ni wa kabla ya zege kumwagwa. Shina la kila kigingi lizungukwe na pete kamili ya chuma kilichoyeyuka. Kanuni za uchomeleaji za Marekani hutaka vigingi vya mwanzo vipigwe nyundo mpaka viiname takriban digrii 30. Kisichopasuka kimefaulu, na chaweza kuachwa vivyo hivyo kimeinama. Kutu na unyevu huharibu kiungo hicho, na kwa hewa yetu ya chumvi, boriti iliyolala nje yafaa isuguliwe tena kabla fundi hajawasha mashine.