ASYCUDA mpakani Rusizi: hati ya mzigo hutangulia lori

Lori linalotoka Kigali kwenda Bukavu hupita msitu wa Nyungwe, hufika Kamembe, kisha huteremka hadi daraja la Rusizi II. Safari hiyo ni ya zaidi ya kilomita 200. Dereva hubeba karatasi mkononi, lakini afisa wa forodha hufanya kazi na kumbukumbu iliyomo katika mfumo wa kompyuta uitwao ASYCUDA, ambao wanaotumia Kifaransa huuita Sydonia.

Ulikotoka

Mfumo huu ulianza kutengenezwa mwaka 1981 na UNCTAD, chombo cha Umoja wa Mataifa cha biashara na maendeleo chenye makao Geneva, kwa ombi la nchi za Afrika Magharibi. Toleo la ASYCUDA++ lilianza kutengenezwa mwaka 1992. Kwa toleo hilo, mara nyingi ofisi ya forodha ilitumia seva yake yenyewe, na kumbukumbu zilipelekwa makao makuu baadaye. Mzigo ungeweza kufika mpakani kabla taarifa zake hazijafika.

Toleo la ASYCUDA World, lililotoka mwaka 2002, limeandikwa kwa lugha ya Java na hutumia intaneti. Halifungwi na programu ya hifadhidata ya kampuni moja. Wakala wa forodha huandika tamko akiwa ofisini kwake, na kituo cha mpakani hulisoma kutoka hifadhi kuu.

Rwanda

Mamlaka ya Mapato ya Rwanda (RRA) ilizindua mfumo wa dirisha moja mwaka 2012 juu ya ASYCUDA World. Wakati huohuo mkongo wa taifa ulikuwa umefikishwa katika wilaya zote 30. Takwimu za mradi huo zilionyesha kuwa muda wa kutoa mzigo forodhani, uliokuwa siku 11 mwaka 2010, ulishuka hadi siku moja na nusu hivi mwaka 2014.

Rangi nne

Tamko likishasajiliwa, mfumo hulipa rangi:

- Kijani: mzigo unatolewa bila ukaguzi.
- Njano: hati zinakaguliwa.
- Nyekundu: mzigo wenyewe unafunguliwa na kukaguliwa.
- Buluu: mzigo unatolewa, ukaguzi wa hesabu unafuata baadaye.

Ni vema msafirishaji aulize rangi kabla ya kupanga saa za safari. Lori la rangi nyekundu linaweza kulala mpakani.

Mzigo wa kupita

Hapa ndipo fedha nyingi hukwama. Shehena inayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Bukavu hupita Rwanda ikiwa chini ya hati ya T1 na dhamana. Dhamana hiyo haifunguki kwa sababu tu lori limevuka daraja. Hufunguka pale ofisi ya kutokea inapothibitisha ndani ya mfumo kwamba mzigo umetoka. Dereva akivuka kabla uthibitisho haujaingizwa, T1 hubaki wazi, na mwenye dhamana anaweza kudaiwa kodi ya mzigo ambao umekwisha kuondoka nchini. Mtandao ukikatika, ni afadhali kungoja urudi kuliko kuondoka bila uthibitisho.

Upande wa pili wa daraja

Idara ya forodha ya Kongo, DGDA, nayo imetumia Sydonia World. Hata hivyo kila nchi ina hifadhi yake. Kufanana kwa programu hakumaanishi kwamba tamko la Rwanda linaonekana Kongo. Mzigo hutamkwa upya. Uzito, idadi na thamani vikitofautiana kati ya matamko mawili, mzigo husimamishwa. Aidha, baada ya M23 kuuteka mji wa Bukavu mwezi Februari 2025, asitegemee mtu utaratibu wa zamani. Aulize wakala wake wa upande huo kabla ya kupakia.

Kabla ya kufika darajani

1. Pata namba ya tamko na uiandike mahali pengine mbali na simu.
2. Linganisha namba ya gari, kontena na lakiri na zilizomo kwenye mfumo.
3. Hakikisha matamko ya pande zote mbili yana uzito mmoja.
4. Usiondoke Rusizi kabla wakala hajathibitisha kwamba T1 imefungwa.