Pwani ya Rumonge: mgeni afikeje ziwani?

Mtalii anayetaka kuliona Ziwa Tanganyika kutoka upande wa Burundi, akija kwa ndege ya abiria, ana mlango mmoja tu. Nao ni Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Melchior Ndadaye, ulioko kaskazini magharibi mwa Bujumbura, uliopewa jina hilo Julai 2019 kumkumbuka rais aliyechaguliwa na wananchi mwaka 1993 kisha akauawa Oktoba mwaka huo huo. Njia yake ya kurukia ina urefu wa mita 3,600, na ndiyo pekee nchini yenye lami. Rumonge, mji wa mawese na samaki, uko zaidi ya kilomita 70 kusini mwa Bujumbura. Kwa hiyo mgeni akishashuka kwenye ndege, safari yake hasa ndipo inapoanza.

Wapo wanaouliza kwa nini kusini mwa nchi kusijengwe uwanja mdogo wa ndege, kama ilivyofanyika katika visiwa vya Bahari ya Hindi. Mfano unaofaa kutazamwa ni Mafia, nchini Tanzania. Hifadhi ya bahari ya kisiwa hicho ilianzishwa mwaka 1995, na wageni hufika huko kuogelea karibu na papa potwe na kuzamia kwenye matumbawe ya Ghuba ya Chole. Hata hivyo, kwa miaka mingi ndege ndogo zilitua Kilindoni juu ya kiwanja cha udongo, na asiye na nauli ya ndege alivuka bahari kwa chombo kutoka Nyamisati. Uwanja huo ulitiwa lami na kukamilika mwaka 2013, kwa fedha za mkataba ambao Tanzania na Marekani walitia saini mwaka 2008 kupitia shirika la Millennium Challenge. Kutoka Dar es Salaam, kuruka hadi Mafia ni takriban nusu saa.

Mafia, lakini, ni kisiwa. Pale hakuna barabara ya kushindana na ndege. Rumonge ni pwani ya bara, na gari hufika hadi mlangoni. Kwa maoni yetu, lami inayoihusu Rumonge kwanza ni ile ya Barabara ya Taifa namba 3, itokayo Bujumbura kupitia Gitaza, Rumonge na Nyanza-Lac. Barabara hiyo imebanwa kati ya milima na maji. Gitaza mlima hushuka karibu wima hadi ziwani, na mvua zikizidi udongo huporomoka njiani. Mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za kukarabati kipande cha kilomita 45 kati ya Gitaza na Rumonge. Mradi huo huo uligusa pia upande wa Tanzania, kuanzia Kabingo kupitia Kasulu hadi Manyovu mpakani. Yaani mgeni aliyekwenda kuwaona sokwe wa Gombe, karibu na Kigoma, anaweza kuendelea na safari hadi Burundi bila kupanda ndege.

Na akija ataona nini? Si haba. Takriban kilomita 12 kusini mwa Bujumbura, pale Mugere, lipo jiwe lenye tarehe ya 25 Novemba 1871, siku Livingstone na Stanley walipofika hapo wakitokea Ujiji. Rumonge kwenyewe kuna maji moto ya Mugara, msitu wa Kigwena uliosalia kwenye tambarare kando ya ziwa, na hifadhi ya Vyanda wanakoishi sokwe. Ukipanda milimani kuelekea Bururi, unafika Rutovu kwenye piramidi ya mawe iliyojengwa mwaka 1938 kuonyesha chemchemi ya Nile iliyo kusini kuliko zote. Jioni kuna mukeke wa kuchoma, samaki ambaye ndugu zetu wa Kigoma humwita mgebuka. Lugha nayo haimpi shida mgeni kutoka Dar es Salaam au Mombasa: Kiswahili kilifika pwani hii pamoja na wafanyabiashara wa Ujiji, na hadi leo ni lugha ya soko la Rumonge kama ilivyo ya mitaa ya Buyenzi.

Tatizo kubwa ni ziwa lenyewe. Ziwa Tanganyika lina mto mmoja tu wa kutolea maji, Lukuga, unaoanzia Kalemie nchini Kongo. Mvua zikinyesha kupita kiasi kwa misimu kadhaa mfululizo, maji huingia kwa wingi na kutoka polepole. Wazee wanakumbuka ziwa lilivyofurika miaka ya 1960. Mwaka 2024 usawa wake ulipita tena mita 776 juu ya bahari. Maji yaliingia Gatumba, bandari ya Bujumbura na vitongoji vya Rumonge, yakameza fukwe ambazo watu walikuwa wakipumzikia. Uwanja wa ndege uko mita 787 juu ya bahari, hivyo tofauti iliyobaki ilikuwa mita kumi hivi.

Hapo ndipo suala la utalii linapogusa ardhi ya watu. Kanuni ya Maji ya mwaka 2012 inataka eneo la mita 150 kutoka ukingo wa Ziwa Tanganyika liachwe wazi bila majengo. Lakini hoteli ya ufukweni hutafuta kuwa ufukweni, na ukingo wenyewe ukisogea, mita hizo 150 zinahesabiwa kuanzia wapi? Rumonge na Nyanza-Lac swali hili lina uzito wa pekee. Familia nyingi zilikimbia mwaka 1972, zikarejea baada ya miongo kadhaa na kukuta mashamba yao ya michikichi yana wenyewe wengine. Kesi za ardhi zilizofuata zilikuwa nyingi kiasi kwamba mwaka 2006 iliundwa tume ya taifa ya kuzishughulikia. Mwekezaji anayetafuta kiwanja kando ya maji anaingia katika historia hiyo, apende asipende.

Mji wa Rumonge ulikuwa makao makuu ya mkoa kuanzia 2015. Katika mgawanyo mpya wa mikoa mitano, sasa uko chini ya mkoa wa Burunga. Uamuzi kuhusu viwanja vya pwani na kuhusu gati utapita katika ofisi nyingine, basi, na wavuvi wenye mitumbwi watahitaji kujua ni ipi. Kwao bandari si mandhari ya kupigwa picha. Ndipo ndagala wanapopakuliwa, ndipo injini zinaposubiri petroli wakati wa uhaba, na ndipo watakapokutana na boti za wageni, kama zitakuja, wakigombea gati moja.