Linux inachelewa kusakinisha pakeji? Usikimbilie kununua bando

Karagwe. Kwa mtu anayetengeneza programu akiwa Kayanga, Omurushaka au kule Nkwenda wilayani Kyerwa, mara nyingi intaneti ni simu tu: anawasha hotspoti, kompyuta inashika, kazi inaendelea. Siku pakeji za Linux zikikwama nusu saa bila kumaliza kusakinishwa, wa kwanza kulaumiwa ni mtandao. Anajiunga bando lingine. Wakati mwingine hela hiyo inakwenda bure, maana tatizo halikuwa mtandao kabisa.

Namna ya kujua ni kutenganisha kazi mbili zinazofanywa na amri moja: kupakua na kusakinisha. Kwenye Debian na Ubuntu, amri ya "apt-get install --download-only" hupakua tu. Ikimaliza, inarudiwa bila neno hilo la mwisho, safari hii ikitanguliwa na "time". Kama hatua ya kwanza ndiyo iliyokula muda, shida ni mtandao au seva ya mbali. Kama ni ya pili, bando halina kosa.

Amri ya "time" hutoa namba tatu. "real" ni muda wa saa ya ukutani, "user" ni muda ambao prosesa iliifanyia kazi programu yenyewe, na "sys" ni ule ambao kerneli ilitumia kuihudumia. "real" ikiwa kubwa huku nyingine mbili zikiwa ndogo, kompyuta ilikuwa inasubiri, mara nyingi diski. "sys" ikipanda sana, kuna kitu kinaisumbua kerneli.

Msumbufu anayejulikana zaidi yuko kwenye kontena za Docker. Linux huwekea kila programu kikomo cha faili za kufungua kwa wakati mmoja, kwa kawaida 1,024. Desemba 2018, systemd toleo la 240 ilipandisha dari la mfumo mzima. Huduma ya Docker ilikuwa imewekwa "bila kikomo", hivyo kontena kwenye baadhi ya mifumo zikajikuta na kikomo cha 1,073,741,816.

Sasa rpm ya zamani, mfano ile ya CentOS 7, pamoja na fakeroot inayotumika kujenga pakeji, zina mazoea ya kale: hupitia namba zote za faili hadi kwenye kikomo, moja moja, hata kama faili zilizo wazi ni tano tu. Kufika 1,024 ni kufumba na kufumbua. Kufika bilioni moja, tena kwa kurudia rudia, ni feni kulia na betri kuisha huku pakeji ndogo tu ikisakinishwa.

Kipimo chake ni rahisi na hakili hata MB moja: kuandika "ulimit -n" ndani ya kontena. Ikitokea namba ya bilioni, kontena inawashwa upya kwa "docker run --ulimit nofile=1024:524288", na kasi inarudi. Matoleo mapya ya Docker na containerd yameondoa mpangilio huo, ila kompyuta zenye matoleo ya zamani bado ni nyingi.

Kama inayosubiriwa ni diski, sababu ni dpkg kuhakikisha kila faili limeandikwa kweli. Programu ya eatmydata huiruka hatua hiyo. Inafaa kwenye kontena ya kujengea tu, si kwenye mfumo wenyewe, kwani umeme ukikatika katikati, faili zinaweza kuharibika.

Na mtandao nao ukiwa na kosa kweli? Kontena rasmi za Debian na Ubuntu hufuta pakeji zilizopakuliwa mara tu zinaposakinishwa, kwa hiyo kila ujenzi mpya unaweza kupakua zilezile na kula bando upya. Ofisi yenye kompyuta kadhaa inaweza kuweka apt-cacher-ng kwenye moja yao: pakeji inapakuliwa mara moja, wengine wanaichukua hapo hapo ofisini kupitia poti 3142.