Nanga, Amari na Wazamiaji: Vyombo vya Kivu na Tanganyika Vinavyoshikwa Chini ya Maji

Waandishi wa tarikhi, wanaposimulia habari za manowari na meli za maziwa yetu makuu, aghalabu huanza na siku chombo kiliposhushwa majini na kumalizia na siku ya vita au ya kuzama; bali yale yanayopita baina ya siku hizo mbili, yaani ile miaka mingi ambayo chombo hukaa kimefungwa, kikishikwa na nanga na minyororo asiyoiona mtu aliye juu, hayaandikwi ila kwa nadra. Muradi wa makala haya ni kulijaza pengo hilo kwa kadiri ya uwezo wetu, nayo yanaanzia Gisenyi, mji ulio ncha ya kaskazini ya Ziwa Kivu, katika wilaya ya Rubavu, kwa kuwa hapo zinakutana habari mbili: habari ya jina ililopewa manowari mashuhuri kuliko zote zilizopata kuelea katika Ziwa Tanganyika, na habari ya kazi ya leo ya kuvishikilia vyombo vizito juu ya maji ambayo mfano wake ni haba duniani.

Mwaka 1894 afisa wa Kijerumani Gustav Adolf von Götzen, aliyetoka pwani ya mashariki na kuikata Rwanda kwenda magharibi, alifika ufuoni mwa Kivu, naye huhesabiwa kuwa Mzungu wa kwanza kuliona ziwa hilo, ambalo wenyeji wake walikuwa wakilivuka kwa mitumbwi tangu kale. Baadaye Götzen akawa gavana wa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, na katika utawala wake, mwaka 1905, ndipo Vita vya Maji Maji vilipozuka. Wajerumani wakajenga kituo chao Gisenyi, na mapatano ya mipaka ya mwaka 1910 yakauacha mji huo upande wao, ilhali Goma na kisiwa cha Idjwi vikawekwa chini ya Wabelgiji. Vita Vikuu vilipoanza, Kapteni Max Wintgens na askari wake walivuka maji wakakitwaa kisiwa hicho mwezi Septemba 1914; na mwezi Mei 1916, majeshi ya Kibelgiji yalipokwisha kuingia Rwanda, Wajerumani waliondoka Gisenyi wasirudi tena.

Hata hivyo, Kivu haikupata kuwa na manowari kubwa, kwa sababu reli haikufika huko. Manowari ilikuwa Tanganyika, nayo ilibeba jina la yule yule aliyeufikia ufuo wa Kivu. Graf von Götzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafumuliwa na kutiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli mpaka Kigoma, ambako mafundi watatu wa Kijerumani, Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, pamoja na wafanyakazi wengi Waafrika ambao majina yao hayakuhifadhiwa, waliiunga upya hata ikashushwa majini mwezi Februari 1915. Mwezi Julai 1916, adui alipokaribia, Wajerumani wenyewe waliizamisha kwa makusudi. Lakini kabla ya kufanya hivyo waliipaka mitambo yake mafuta mazito ya kulainishia, wakitumaini kwamba siku moja itainuliwa.

Wabelgiji wakaiinua baada ya vita, wakaivuta hadi bandari ya Kigoma, na mwaka 1920 dhoruba ikaizamisha humo humo bandarini. Hapo ndipo penye ibra kubwa kwa msomaji wa habari hizi, kwani meli ile ilizama mara mbili, mara ya kwanza kwa hiari ya mabaharia wake, mara ya pili ikiwa imekaa tu mahali pake, bila adui, bila mzinga, bila safari. Waingereza waliipandisha tena mwaka 1924, wakaiona mitambo na mabirika yake ya mvuke bado vyafaa kwa sababu ya yale mafuta, wakaitengeneza, na mwezi Mei 1927 ikaanza kazi kwa jina jipya la Liemba, ikawabeba abiria wa Tanganyika kwa vizazi vingi. Hivyo tahadhari ya mafundi wa mwaka 1916 ndiyo iliyoiokoa. Na kungoja bandarini, ambako watu hudhani kuwa ndiko salama, ndiko kulikoiangamiza kwa mara ya pili.

Basi kazi ya kuangalia vishikizo vya chombo chini ya maji ni kazi gani? Manowari isiyo gatini hufungwa kwenye boya kubwa. Kutoka boya hilo hushuka mnyororo, na chini mnyororo hugawanyika kwa miguu kadhaa inayotandazwa sakafuni mpaka kwenye nanga au matofali mazito ya saruji. Sehemu mbili za mnyororo huliwa upesi kupita nyingine: ile ya juu, hewa na maji vinapokutana na kutu ikashika, na ile inayogusa sakafu, ambayo kila wimbi huiinua na kuiangusha, pete zikasagana zenyewe kwa zenyewe na kusagwa na mchanga. Mzamiaji hushuka, akaisugua pete hata chuma kionekane, akaupima unene wake mahali palipo pembamba kuliko pote, akalinganisha na unene wa asili. Katika desturi ya jeshi la majini la Marekani, pete iliyobaki na asilimia 90 au zaidi ya unene wake huhesabiwa kuwa nzima, na iliyoshuka chini ya asilimia 80 huondolewa. Fauka ya hayo, mzamiaji hutazama kama shakeli zimelegea, kama nanga imeburutika, na kama vile vipande vya madini vinavyofungwa ili viliwe na kutu badala ya mnyororo vimekwisha. Katika maji ya chumvi huwa vya zinki, na katika maji baridi aghalabu huwa vya magnesi.

Sanaa hii ilikua polepole. Katika miaka ya 1830 Augustus Siebe, huko London, alikamilisha vazi la kuzamia lenye kofia ya shaba na mpira wa kuleta hewa kutoka juu. Mwaka 1908 John Scott Haldane, Mskoti, alitoa jedwali za kumwongoza mzamiaji apande kwa vituo ili damu yake isijae mapovu. Na mwaka 1943 Jacques Cousteau na Émile Gagnan, Wafaransa, walitengeneza chombo cha kupumulia kinachobebwa mgongoni. Lakini jedwali hizo zilitungwa kwa ajili ya bahari, na Kivu iko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,460 hivi, ambako uzito wa hewa ni kama asilimia 85 tu ya ule wa pwani. Kwa hiyo mzamiaji aliyeshuka mita 20 mbele ya Gisenyi hana budi kuhesabu kama ameshuka mita 23 au zaidi, na atakayetumia jedwali ya Mombasa bila kuirekebisha amejitia hatarini.

Na si hayo tu. Kivu, yenye kina cha mita zipatazo 485, haichanganyi maji yake ya juu na ya chini. Kutoka mita 60 au 70 kwenda chini hamna oksijeni, bali mna chumvi zaidi, hewa ya ukaa kiasi cha kilomita za ujazo 300, na gesi ya methani ipatayo kilomita za ujazo 60. Mtaalamu wa Kibelgiji Hubert Damas aliyachunguza maji hayo mwaka 1935, na mwaka 1963 ukajengwa Rubona, jirani na Gisenyi, mtambo wa kwanza wa kuvuta methani, ambayo ilikuwa ikipelekwa kuchemsha mabirika ya kiwanda cha bia cha Bralirwa. Ufuoni nako hewa ya ukaa hutoka ardhini na kutuama mabondeni, nayo watu wa Goma na Gisenyi huiita mazuku na kuiogopa kwa haki. Kwa sababu hiyo mashine ya kumpa mzamiaji hewa haifai kuwekwa popote, bali mahali pa juu penye upepo.

Leo vyombo vinavyoshikwa Kivu kwa uangalifu mkubwa kuliko vyote si manowari, ijapokuwa jeshi la Rwanda lina kikosi chake cha majini katika ziwa hilo, bali ni matishari ya gesi. Tishari la KivuWatt, lililo kilomita 13 hivi kutoka pwani ya Karongi, huvuta maji kutoka kina kipatacho mita 350, na umeme wake, megawati 26, ulizinduliwa rasmi mwezi Mei 2016. Na huko Rubavu kwenyewe mtambo wa majaribio wa KP1 ulitangulia, kisha ukafuata mradi wa Shema Power Lake Kivu uliokusudiwa kutoa megawati 56. Tishari la namna hii halisafiri, wala halipandishwi chelezoni kwa urahisi. Likiburuta nanga, mabomba yake yatavutwa pamoja nalo. Sehemu za juu za amari zake, yaani kamba na minyororo ya nanga, mwanadamu aweza kuzifikia. Zile za chini, zilizo katika maji yasiyo na oksijeni na yenye gesi ya salfa inayokula chuma kwa njia yake, huhitaji mashine yenye kamera iongozwayo kwa waya. Sakafu nayo ina mitihani yake: upande wa kaskazini ni mawe ya volkano, na mnamo Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma ikaingia ziwani. Nanga haishiki juu ya jiwe kama inavyoshika katika tope, na aliyepima kwa bildi kabla ya mlipuko ana wajibu wa kupima tena baada yake.

Ndiyo maana nasema kwamba ulinzi wa chombo si tendo la siku moja. Kuitupa nanga ni kazi ya saa, bali kuilinda ni kazi ya miaka, na thamani ya kipimo cha leo hujulikana tu kikilinganishwa na kipimo cha mwaka jana kilichochukuliwa kwenye pete ile ile. Ombi letu kwa wenye mamlaka wa pande zote mbili za Kivu ni mambo mawili: mosi, kwamba kila boya, kila nanga na kila amari iwe na daftari lake, lenye tarehe na unene wa pete, nalo lihifadhiwe kwa heshima ile ile inayopewa hati za ardhi, na pili, kwamba vijana wa Rubavu na Goma wafundishwe uzamiaji kwa jedwali zilizorekebishwa kwa ziwa lao, wasingoje mafundi wa kukodiwa kutoka ng'ambo kila shakeli inapolegea. Majina ya Waafrika walioiunga Götzen pale Kigoma yamepotea kwa sababu hapana aliyeona haja ya kuyaandika. Majina ya wazamiaji wa Kivu yangali yaweza kuandikwa, katika madaftari hayo hayo, kando ya kila kipimo walichokichukua.