WAPAGAZI WALIKULA NINI NJIANI?

Wadau, leo ukitaja posho watu wanawaza bahasha ya semina. Karne ya 19 posho ilikuwa uhai. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walitembea Bagamoyo hadi Ujiji miezi mitatu au zaidi, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 hivi begani. Majina ya wengi hayamo vitabuni, ya wazungu waliobebewa mizigo yamo!

Cheki hesabu ya msosi. Posho ilikuwa kama kibaba cha nafaka kwa siku, karibu robo tatu ya kilo. Zidisha kwa siku 90: zaidi ya kilo 60, mara mbili ya mzigo wenyewe. Nani abebe? Ndo maana walibeba vitambaa, hasa merikani, wakabadilishana na mtama kijiji hadi kijiji. Ukame ukipiga Ugogo, kitambaa unacho na njaa unalala nayo.

Kabla ya Marenga Mkali, nyika kavu, walipika mapema, wakajaza vibuyu maji, wakaondoka mchana kutembea mpaka usiku. Mwendo huo waliuita tirikeza. Mgonjwa aliyeshindwa kufuata, mara nyingi aliachwa hukohuko.