Viwanja Kabla ya Watu: Historia ya Sinza na Vitongoji vya Mlimani, Dar es Salaam

Miongoni mwa sehemu za Dar es Salaam ambazo familia za watumishi, walimu na wafanyabiashara wa kipato cha kati zimezitafuta kwa muda mrefu, ukanda unaouzunguka mlima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Sinza, Kijitonyama, Mwenge, Survey, Makongo Juu na Changanyikeni, una nafasi yake ya pekee. Wanaousifu hutaja shule zilizo karibu, njia zinazopitika, majirani wanaofahamiana na usiku wenye amani, na aghalabu sifa hizo huhesabiwa kuwa tunda la ujirani na chuo, kana kwamba elimu ya juu hueneza utulivu kwa kuwapo kwake tu. Historia ya ukanda huu inafundisha jambo jingine: makazi yanayofaa kulelea watoto yalipatikana pale ambapo ardhi ilipimwa, njia zikatengwa na nafasi ya shule ikaachwa kabla watu hawajahamia, na pale ambapo maandalizi hayo yalikosekana, ujirani na wasomi haukuweza kuziba pengo hilo.

Katika enzi za utawala wa Wajerumani na baadaye Waingereza, mji wa Dar es Salaam uligawanywa kwa rangi za watu. Uzunguni kulikuwa na viwanja vikubwa vyenye bustani, ambavyo baadaye vilienea kaskazini hadi pwani ya Oyster Bay. Uhindini kulikuwa na maduka yenye makazi juu yake. Na Waafrika walitengewa Kariakoo, kisha Ilala, na baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia wakajengewa makazi mapya Magomeni na Temeke. Ng'ambo ya Magomeni, kwa wanaofuata Barabara ya Morogoro kuelekea Ubungo, palikuwa bado shamba: Wazaramo, ambao ndio wenyeji wa eneo hili, walilima mihogo na kutunza minazi, miembe na mikorosho, na nyumba zao zilitawanyika kufuatana na mashamba yao. Taasisi ya kwanza ya elimu kufika huko haikuwa chuo kikuu. Ilikuwa kituo cha kufundishia wapima ardhi, kilichoanzishwa Mgulani mwaka 1956 na kuhamishiwa karibu na mlima wa Chuo Kikuu wa leo mwaka 1958. Kituo hicho ndicho kilichokua hadi kuwa Chuo Kikuu Ardhi mwaka 2007, na kumbukumbu ya kazi yake imebaki katika jina la mtaa wa Survey.

Chuo Kikuu chenyewe kilianza Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru wa Tanganyika, kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, na wanafunzi wake wa kwanza, wasiofika 20 na wote wa sheria, walisomea katika jengo la chama cha TANU katika Mtaa wa Lumumba. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na vyuo vya Makerere na Nairobi, na mwaka 1964 kikahamia mlimani, yapata kilomita 13 magharibi ya kitovu cha jiji, kabla ya kuwa chuo kikuu kamili cha taifa Julai 1970. Kwa kuwa mahali hapo palikuwa mbali na mji na usafiri ulikuwa haba, chuo kililazimika kuwa mji mdogo unaojitegemea: pamoja na kumbi za mihadhara na mabweni, zilijengwa nyumba za wahadhiri na watumishi zilizozungukwa na miti, na pakawa na Shule ya Msingi Mlimani na huduma za afya. Huo ndio uliokuwa mfano wa kwanza wa makazi tulivu ya familia katika eneo hili, lakini ulikuwa na mpaka wake, kwa sababu nyumba ilifuata ajira, na mtumishi aliyestaafu alitakiwa kukabidhi funguo. Kila aliyekaa Mlimani alijua kwamba siku moja angehitaji kiwanja chake mwenyewe, na hitaji hilo lilikuja kuathiri sana mashamba yaliyokuwa chini ya mlima.

Wakati huohuo jiji lilikuwa likifurika. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu wakazi wapatao 273,000 Dar es Salaam, na ile ya mwaka 1978 ikahesabu wapatao 843,000, yaani mara tatu ya idadi ya awali katika muda wa miaka 11. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa mwaka 1962, lilikuwa limejaribu kubomoa nyumba duni na kujenga mpya mahali pake, lakini njia hiyo ilikuwa ya gharama kubwa na mara nyingi iliondoa nyumba kabla ya kuongeza nyingine. Katika Manzese, kando ya Barabara ya Morogoro na karibu na viwanda vya Ubungo, kikiwamo kiwanda cha nguo cha Urafiki kilichofunguliwa mwaka 1968, wafanyakazi na wachuuzi walijijengea maelfu ya nyumba katika ardhi isiyopimwa, na mitaa hiyo ikasongamana kiasi kwamba ilikuwa vigumu kupitisha barabara au bomba la maji bila kuvunja ukuta wa mtu. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 Serikali ilikubali kwamba haiwezi kumjengea kila mwananchi nyumba, na pia kwamba si haki kuendelea kuvunja zile ambazo wananchi wamejijengea kwa jasho lao.

Mabadiliko hayo ya fikra ndiyo yaliyoizaa Sinza ya leo. Mwaka 1974, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, Tanzania ilianza mradi wa viwanja na huduma, ambao msingi wake ulikuwa kwamba Serikali ipime ardhi tupu, ichonge barabara, ichimbe mifereji ya maji ya mvua, ipeleke maji na itenge maeneo ya shule, zahanati na soko, kisha imgawie mwananchi kiwanja ili ajenge mwenyewe kadiri ya uwezo wake. Katika Dar es Salaam maeneo yaliyochaguliwa kwa kazi hiyo katika awamu ya kwanza yalikuwa Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, na viwanja vingi vilikuwa vidogo, vya mita za mraba 288 hivi, ili ardhi iwatoshe wengi. Sambamba na hayo ulikuwapo mpango wa pili, wa kuboresha makazi yaliyokwisha kujengwa, ambapo Manzese ilipitishiwa barabara na kuletewa huduma bila wakazi wake kuhamishwa. Hivyo maeneo mawili yaliyo karibu yalipata msaada kutoka katika mradi mmoja na katika miaka ileile, moja likiwa tupu na jingine likiwa limejaa watu, na tofauti yao imekuwa somo kubwa kwa wataalamu wa mipango miji.

Kwa mujibu wa sera, viwanja vya Sinza vilikusudiwa watu wa kipato cha chini, na Benki ya Nyumba ya Tanzania ilitarajiwa kuwakopesha vifaa vya ujenzi. Utekelezaji ulikuwa mgumu kuliko maandishi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 bei ya mafuta ilipanda, Vita vya Kagera vikaibebesha nchi gharama nzito, na saruji na mabati vikawa bidhaa za kutafutwa kwa vibali, hata mtu mwenye kiwanja akaweza kukaa miaka akiwa na msingi tu. Si haba waliogawiwa viwanja wakaviuza kwa wenye mshahara wa uhakika, nao walimu, maofisa wa Serikali, wanajeshi na watumishi wa mashirika ya umma wakawa sehemu kubwa ya wakazi. Jambo hilo lastahili kusemwa wazi, kwa kuwa kitongoji kilichopimwa kwa ajili ya wanyonge kiliishia kuwafaidi zaidi watu wa kati, na wanyonge wengi walirudi kupanga vyumba katika mitaa ileile ambayo mradi ulinuia kuwaokoa nayo.

Hata hivyo Sinza ilijengwa, chumba baada ya chumba. Nyumba nyingi za mwanzo zilifuata ramani inayojulikana katika miji yote ya pwani: ukumbi mrefu unaopita katikati, vyumba pande zote mbili, na nyuma yake ua wenye jiko, choo na kamba za kuanikia nguo. Ramani hiyo iliifaa familia inayojenga kidogo kidogo, kwa sababu mwenye nyumba aliweza kukaa upande mmoja na kupangisha upande wa pili, akatumia kodi hiyo kumalizia paa au kulipa ada. Watoto walikwenda shule kwa miguu, kinamama walicheza upatu, yaani kuchangiana fedha kwa zamu, na balozi wa nyumba kumi, kiongozi wa ngazi ya chini kabisa wa chama kilichotawala, alijua nani amehamia na nani amefiwa.

Katika miaka ya 1980 mishahara ya watumishi wa umma ilipoteza thamani, na wahadhiri pia walilazimika kuwa na miradi, hasa ya kufuga kuku na ng'ombe, ambayo ilihitaji eneo la kutosha. Mwaka 1983 mabasi ya watu binafsi, yaani daladala, yaliruhusiwa kisheria, na kukaa mbali kidogo na barabara kuu kukawa kunawezekana. Ndipo wengi walipogeukia Changanyikeni na Makongo Juu, upande wa pili wa mlima, wakinunua vipande vya mashamba kwa wenyeji kwa hati za mauziano zilizoshuhudiwa na viongozi wa mtaa, bila upimaji. Palijengwa nyumba nzuri, na waliozijenga walikuwa baadhi ya watu wenye elimu kubwa zaidi nchini. Lakini kwa kuwa kila mmoja alinunua kipande chake peke yake, hakuna aliyenunua barabara, na matokeo yake yakawa njia nyembamba zinazopinda kufuata mipaka ya mashamba ya kale, nyingine zikiishia kwenye ukuta. Kazi ya urasimishaji, yaani kupima na kuhalalisha makazi yaliyokwisha kujengwa, imedai majadiliano marefu kuhusu nani apunguze ua wake ili gari la wagonjwa lipite.

Tangu miaka ya 1990 utulivu wa Sinza yenyewe umejaribiwa. Vyuo vilipoongeza wanafunzi kuliko vitanda vya mabweni, vyumba vya kupanga katika Sinza, Survey, Ubungo na Changanyikeni vikawa makao ya vijana, ambao huita chumba cha namna hiyo geto. Barabara ya Shekilango ikajaa maduka, baa na nyumba za wageni, na kituo cha daladala cha Sinza kwa Remmy kikabeba jina la Remmy Ongala, mwanamuziki mzaliwa wa Kongo aliyeishi hapo hadi kifo chake mwaka 2010. Mwaka 2006 kituo cha biashara cha Mlimani City kilifunguliwa katika ardhi ya Chuo Kikuu, na bei za viwanja vya jirani zikapanda. Familia zilizotaka ukimya ziliingia mitaa ya ndani au zilihamia mbali zaidi, huku wakazi wa kando ya Mto Ng'ombe wakihangaishwa na mafuriko ya masika.

Pamoja na mabadiliko hayo yote, mifupa ya mpango wa mwaka 1974 bado imesimama: barabara zake hazikuzibwa, maeneo ya shule yapo, na kiwanja kina namba na mipaka inayojulikana. Utafiti wa wanauchumi uliochapishwa mwaka 2021, uliochunguza mradi huo katika miji 7 ya Tanzania, ulithibitisha kwamba miongo kadhaa baadaye maeneo yaliyopimwa yakiwa matupu yalikuwa na nyumba kubwa zaidi na zilizopangika vizuri zaidi kuliko yale yaliyoboreshwa baada ya kujaa watu. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza Dar es Salaam mwaka 2002 uliirudia kanuni hiyohiyo, lakini jiji lenye watu wapatao milioni 5.4 kwa sensa ya mwaka 2022 bado lina wakazi wengi zaidi katika ardhi isiyopangwa kuliko katika iliyopangwa.

Vyuo vipya na kampasi mpya zinaendelea kufunguliwa katika mikoa mingi, na kila kimoja kitawavuta wahadhiri, watumishi, wapangaji na wauza vyakula kabla hata rangi ya kuta zake haijakauka. Halmashauri zinazopokea taasisi hizo zinapaswa kupima viwanja, kutenga njia na kuacha nafasi za shule na zahanati leo, ardhi ingali shamba, tena zihakikishe kwamba safari hii mwananchi wa kipato cha chini anakipata kiwanja na anabaki nacho.