Suna–Nairobi: umbali na muda wa safari ya ndege

Suna ni eneo la Kaunti ya Migori, kusini-magharibi mwa Kenya, ulipo mji wa Migori. Kiwanja chake cha ndege, kiitwacho pia Lichota, kiko takriban kilomita 260 kutoka Uwanja wa Wilson, Nairobi, kwa mstari ulionyooka. Yaani maili 140 za baharini. Kwa barabara, kupitia Kisii, Bomet na Narok, safari hufika kilomita 370 hivi.

Umbali

Miji hii miwili iko karibu kwenye latitudo moja, kusini kidogo mwa ikweta, na longitudo zake zinatofautiana kwa digrii 2.3 hivi. Karibu na ikweta, kila digrii ya longitudo ni kilomita 111. Kutoka Wilson hadi Kisumu ni kama kilomita 270. Kwa ndege, basi, Suna haiko mbali na Nairobi kuliko Kisumu.

Muda wa angani

Cessna Caravan, ndege ndogo ya rafadha moja, husafiri kwa kasi ya kilomita 300 hivi kwa saa. Ukijumlisha kupaa na kushuka, safari ya moja kwa moja huchukua karibu saa nzima. Ikipitia viwanja vya Maasai Mara, kila kituo huongeza muda. Pepo za mashariki huisukuma ndege iendayo Suna na kuikinza irudiyo Nairobi. Alasiri, upepo wa Ziwa Viktoria hukutana na pepo hizo na kuzaa mawingu ya radi, ndiyo maana anga la asubuhi huwa tulivu zaidi. Joto nalo, kwenye viwanja vya mwinuko mkubwa, hupunguza uzito wa hewa, na ndege huhitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kupaa.

Kupitia Kisumu

Kenya Airways na Jambojet hutua Kisumu kwa ndege kubwa kuliko Caravan. Lakini kutoka Kisumu hadi Migori kuna takriban kilomita 180 za barabara kupitia Kisii, na abiria hukaa garini muda mrefu kuliko alivyokaa angani.

Mpakani

Shirika la ndege la Safarilink limekuwa likileta Migori watalii wa Maasai Mara wanaokwenda Serengeti. Hushuka, huvuka mpaka kwa gari kupitia Isebania na Sirari, kisha hupanda ndege nyingine Tarime, Tanzania. Mbuga hizo zinapakana, ila taratibu za uhamiaji na forodha hurefusha njia.

Kukadiria safari

Kwa mkazi wa Suna mwenye mgonjwa wa rufaa au mkutano Nairobi, kilomita za angani hazitoshi kupangia siku. Ahesabu muda wa kufika kiwanjani, kuripoti, kuruka, vituo vya njiani na foleni za Nairobi. Ndege ya moja kwa moja kutoka Migori ndiyo inayompa faida kamili ya ukaribu wa eneo lake na mji mkuu.